Cheti cha Ndoa Hakiwataji Waliokula Pilau: Hotuba kwa Wanafunzi wa Kemia, Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi mliofunga biashara zenu Jumamosi hii mkaja kutusikiliza, na nyinyi wanangu wa kidato cha tatu na cha nne: asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimepewa dakika 30. Mwalimu wa taaluma ameninong'oneza kwamba masufuria yako jikoni, na mimi najua siku nyingi kuwa harufu ya pilau ikishafika ukumbini hakuna hotuba tena. Basi niingie moja kwa moja kwenye kisa ambacho nilikaa nacho moyoni miaka mingi bila kukisimulia, kwa sababu aliyekosea ni mimi.

Nilikuwa na miaka 3 kazini, katika shule moja ya mwambao ambayo sitaitaja. Mtihani wa majaribio wa vitendo ulikuwa kesho yake asubuhi, na maji yaliyokenekwa yamekwisha. Nikamwambia kijana wa maabara achote ya kisimani. Yalikuwa maangavu, na sisi wenyewe tulikuwa tunayanywa, nikaona hayana shida. Wanafunzi 40 wakapewa kila mmoja unga mweupe, zinki salfeti, wauyeyushe kwa maji yale kisha watafute umeundwa na nini. Wakatia asidi ya nitriki kidogo, wakadondoshea nitreti ya fedha, na neli zote 40 zikawa nyeupe kama tui la nazi. Wote wakaandika: kloraidi ipo. Baadhi yao walifika hadi kwenye salfeti, wengine wakaishia hapo kwenye kloraidi, wameridhika. Karatasi yangu ya majibu ilisema salfeti tu. Nikachukua kalamu nyekundu, nikawakata wote bila huruma, na nadhani niliwasema vilevile.

Jumatatu asubuhi akaja ofisini binti mmoja, mpole, wa kukaa dawati la nyuma. Ana neli mkononi, ndani yake maji meupe. "Shikamoo mwalimu," akasema. "Hii ni ya kisimani na matone mawili ya nitreti ya fedha. Chumvi yenu sijaitia humu."

Kwenye kipande cha karatasi ya daftari alikuwa ameandika mstari mmoja (Ag ni fedha, Cl ni kloraidi; aq ni kilicho majini, s ni yabisi, na mbele mtaona l, kimiminika, na g, gesi):

Ag⁺(aq) + Cl⁻(aq) → AgCl(s)

Alama za watu 40 nilizirudisha siku ileile. Lakini ule mstari ndio ulionifunza kemia niliyokuwa nikiifundisha. Tazameni alichokiacha. Hakuandika kloraidi ile ya kisimani imekuja na nani. Imekuja na sodiamu ya bahari? Na kalsiamu ya mawe ya matumbawe? Na magneziamu? Hakujua, mimi sikujua, na kwa mwambao wetu huenda zilikuwemo zote tatu. Ningemlazimisha aandike mlinganyo mzima, wenye chumvi kamili kushoto na chumvi kamili kulia, angelazimika kubuni. Aliandika kile alichokiona kimetokea, akanyamaza kwa kile asichokijua. Ndiyo maana nimekuja leo kuutetea mlinganyo huu mfupi, unaoitwa mlinganyo halisi wa ayoni. Wengi wenu mmefundishwa kuwa ni hatua ya mwisho ya hesabu, kitu cha kukatakata kwa kalamu baada ya kuandika mirefu. Mimi nasema ndio habari yenyewe. Ile mirefu ni maelezo ya chupa zilizotumika.

Sasa tuone kwa nini inawezekana.

Neno ayoni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, liliingia kwenye sayansi mwaka 1834. Michael Faraday, aliyekuwa akifanya kazi London, alikuwa anapitisha umeme kwenye mimumunyo na akahitaji jina la vile vijitu vinavyokwenda kwenye ncha hii na ile. Akamwandikia William Whewell, mjuzi wa Kigiriki, na wakapata neno lenye maana ya kitu kinachokwenda. Mwendaji. Faraday aliamini umeme ndio unaozitenganisha. Miaka 50 baadaye, 1884, kijana wa Kiswidi wa miaka 25, Svante Arrhenius, akapeleka tasnifu yake Chuo Kikuu cha Uppsala akisema chumvi ikiyeyuka majini inaachana yenyewe, hakuna umeme uliopita wala haujahitajika. Maprofesa wakampa daraja dhaifu. Mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia, kwa kazi ileile. Walimu, hilo ni letu, tutalijadili chai ya saa 10.

Maana ya jambo hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Chupa iliyoandikwa "mmumunyo wa NaCl" haina NaCl. Ina maji, ina ayoni za sodiamu zinazotembea zao, ina ayoni za kloraidi zinazotembea zao, kila moja imezungukwa na molekuli za maji. Lebo inakwambia nini kilitiwa, haikwambii nini kimo. Ndiyo sababu nitreti ya fedha hutoa mashapo, yaani yabisi inayojitenga na maji, yaleyale meupe ukiipa kloraidi ya sodiamu, ya potasiamu, ya kalsiamu, au asidi ya haidrokloriki. Na ndiyo sababu ukiipa potasiamu kloreti, KClO₃, ambayo ina klorini ndani yake kabisa, huoni kitu. Klorini ile imefungwa pamoja na oksijeni, haitembei peke yake kama kloraidi. Fedha inamtafuta mtu mmoja tu, na hapo hayupo.

Vitabu huziita zile ayoni zisizofanya kitu watazamaji. Sina ugomvi na jina hilo, ila mtazamaji hulipa kiingilio akakaa jukwaani pale uwanja wa Mkwakwani, hajafika na timu. Mimi napenda kuziita wasindikizaji. Fikirieni harusi. Bwana harusi kaja na watu wake, bibi harusi kaletwa na watu wake. Ukumbi umejaa, watu wanapishana, vigelegele. Ndoa inafungwa kati ya wawili. Wale wengine wanakula, wanaaga, wanarudi makwao walivyokuja, hakuna aliyebadilika isipokuwa shati lililopata doa la mchuzi. Video ya harusi inawaonyesha wote. Cheti cha ndoa hakiwataji waliokula pilau.

Mlinganyo halisi wa ayoni ni cheti cha ndoa.

Tuchukue mfano mmoja tuutembee taratibu, maana huu ndio nilioupenda kuliko yote nilipokuwa darasani. Nitreti ya risasi na ayodaidi ya potasiamu. Mimumunyo miwili, yote maangavu kama maji ya mvua. Unamimina mmoja kwenye mwingine na papo hapo unapata manjano, manjano ya kiini cha yai la kienyeji. Ukiichemsha ile neli, manjano yanayeyuka yanapotea. Ukiiacha ipoe, yanarudi kama vipande vidogo vya dhahabu vinavyoshuka vikimetameta. Darasa zima hunyamaza. (Risasi ni sumu, kwa hiyo neli hiyo haimwagwi kwenye sinki wala bustanini. Ina chombo chake.)

Mlinganyo wa chupa, ule mrefu, ni huu (Pb ni risasi, NO₃ nitreti, K potasiamu, I ayodaidi):

Pb(NO₃)₂(aq) + 2KI(aq) → PbI₂(s) + 2KNO₃(aq)

Sasa kabla ya kukata chochote, jiulize swali moja kwa kila kilichoandikwa hapo: huyu yuko majini ametawanyika, au ametoka majini? Nitreti ya risasi imo majini, itawanye. Ayodaidi ya potasiamu imo majini, itawanye. Nitreti ya potasiamu, majini. Ayodaidi ya risasi ndiyo ile manjano unayoiona kwa macho. Imetoka. Muache hivyohivyo alivyo, mmoja, kamili:

Pb²⁺(aq) + 2NO₃⁻(aq) + 2K⁺(aq) + 2I⁻(aq) → PbI₂(s) + 2K⁺(aq) + 2NO₃⁻(aq)

Nani yuko kushoto na yuko kulia, bila kubadilika chochote? Potasiamu 2, nitreti 2. Wasindikizaji hao. Waage.

Pb²⁺(aq) + 2I⁻(aq) → PbI₂(s)

Na hapa wazee wa ukumbini naona mmeshaanza kucheka, kwa sababu bwana harusi ana chaji mbili na ameoa wake wawili. Ndivyo ilivyo. Risasi ya chaji mbili haitoshelezwi na ayodaidi mmoja wa chaji moja. Chaji kushoto: mbili chanya, mbili hasi, jumla sifuri. Kulia: sifuri. Mizani imekaa.

Nimesahihisha madaftari mengi ya kemia, na makosa mengi niliyoyaona yanaanzia pale pa kutawanya, kabla hata mtu hajafika kwenye kukata. Kosa linaloniuma ni hili. Mwanafunzi anakuta BaCl₂, anaitawanya, anaandika Ba²⁺ na Cl₂²⁻. Mwingine anaandika Ba²⁺ na Cl₂. Mwanangu, Cl₂ ni gesi ya klorini, ya kijani kinachoelekea manjano, inachoma mapafu, ilitumika kuua watu vitani mwaka 1915. Umeitoa wapi kwenye chupa ya chumvi? Ile 2 ndogo ya chini ilikuwa inakueleza kuwa kwa kila bariamu kuna kloraidi wawili. Wakishatawanyika majini kila mmoja anatembea peke yake, na ile 2 inahamia mbele: 2Cl⁻. Lakini salfeti, SO₄²⁻, usiivunje. Nitreti usiivunje. Wale wameshikana kwa ndani, wanasafiri kama familia moja na chaji yao ni ya familia. Nimewahi kuona S⁶⁺ na 4O²⁻ kwenye karatasi ya mtihani, nikavua miwani nikaifuta, nikaivaa tena.

Kosa la pili ni kutawanya mashapo. Mtu ameandika vizuri kabisa kuwa AgCl ni yabisi, (s) ameiweka, kisha mstari wa chini anaiandika Ag⁺ na Cl⁻, anakata pande zote mbili, anabaki na mshale mtupu. Ananiuliza, "Mwalimu, jibu ni sifuri?" Ameua harusi. Kuna mahali mshale mtupu ni jibu la haki: changanya kloraidi ya sodiamu na nitreti ya potasiamu. Kila mtu yuko majini kabla, kila mtu yuko majini baada. Watu wamekuja ukumbini, wamekula, wameondoka, na hakuna aliyeoa. Hapo unaandika kwamba hakuna kilichotokea, na unapata alama zako zote.

Na mara moja moja inakuja harusi isiyo na msindikizaji hata mmoja. Haidroksaidi ya bariamu na asidi ya salfuriki: bariamu anamchukua salfeti, wanatua chini meupe. Haidrojeni na haidroksaidi wanaungana kuwa maji. Ndoa mbili ukumbi mmoja, na mlangoni hakubaki mtu wa kuaga:

Ba²⁺(aq) + 2OH⁻(aq) + 2H⁺(aq) + SO₄²⁻(aq) → BaSO₄(s) + 2H₂O(l)

Mwalimu mwenye betri na balbu ndogo anaweza kuonyesha hili vizuri sana. Balbu inawaka kwenye haidroksaidi, unadondosha asidi kidogo kidogo, inafifia, inafifia, inazimika, kwa sababu waendaji wamekwisha. Ukizidisha asidi inawaka tena.

Kuhusu nani anayeyuka na nani hayeyuki sitakaa sana, mna jedwali vitabuni. Nitreti zote zinayeyuka. Chumvi zote za sodiamu, potasiamu na amoniamu mtakazokutana nazo zinayeyuka, na ndiyo maana mara nyingi hao ndio wasindikizaji. Kloraidi zinayeyuka isipokuwa ya fedha na ya risasi. Salfeti zinayeyuka isipokuwa ya bariamu na ya risasi, na ya kalsiamu inasuasua. Kaboneti na haidroksaidi nyingi hazitaki maji. Yakaririni hayo, sioni aibu kusema kariri. Hesabu haikufichulii kuwa AgCl haiyeyuki. Ni jambo la kuliona kwa macho na kulikumbuka, kama unavyokumbuka kuwa jirani fulani hali ngisi.

Ila niwape na ukweli unaofichwa na jedwali. Hakuna kisichoyeyuka kabisa. Lita moja ya maji inabeba miligramu 2 hivi za kloraidi ya fedha. Ya salfeti ya bariamu, kama miligramu 2 na nusu. Salfeti ya kalsiamu, gramu 2 nzima. Kloraidi ya risasi, karibu gramu 10 kwenye maji ya kawaida na zaidi ya mara tatu ya hizo yakichemka. Neno "haiyeyuki" ni neno la karani, limechorwa mstari mahali ambapo maumbile hayakuchora. Kwa mtihani wenu mstari huo unatosha. Kwa mgonjwa, wakati mwingine hautoshi, na hapo ndipo nataka nikae kidogo hata kama pilau litapoa.

Ayoni ya bariamu ni sumu. Ikiingia kwenye damu inavuruga potasiamu, misuli inalegea, moyo unapoteza mapigo yake. Pamoja na hayo, hospitali duniani kote humpa mgonjwa anywe bariamu. Daktari akitaka kuona koo, tumbo au utumbo kwenye eksirei, anamkorogea kikombe cha uji mweupe mzito wa bariamu salfeti. Bariamu huzuia mionzi, kwa hiyo njia yote ya chakula hujitokeza kwenye picha. Mgonjwa anakunywa gramu nyingi za kitu chenye sumu ndani yake na anarudi nyumbani salama, kwa sababu mashapo yale karibu hayaachii ayoni. Yanaingia mashapo, yanatoka mashapo.

Mwaka 2003 nchini Brazili, wagonjwa waliokunywa dawa ya namna hiyo walikufa. Uchunguzi ukakuta ndani yake mna bariamu kaboneti. Sasa, wanangu, fungueni jedwali lenu. Bariamu salfeti: haiyeyuki. Bariamu kaboneti: haiyeyuki. Zote unga mweupe. Kwa mlinganyo wa chupa na kwa jedwali, ni ndugu wa baba mmoja. Lakini tumboni kuna asidi, na swali letu la nani yuko majini lazima liulizwe upya ndani ya tumbo, si ndani ya bika:

BaCO₃(s) + 2H⁺(aq) → Ba²⁺(aq) + H₂O(l) + CO₂(g)

Kloraidi ya asidi ya tumbo sikuiandika, imesindikiza tu. Haidrojeni ndiyo iliyomng'oa kaboneti, na bariamu akaachwa huru, anatembea. Salfeti yeye haidrojeni haimng'oi kirahisi hivyo, ndiyo maana uji wa kweli ni salama. Angalieni na chaji hapo juu: kushoto mbili chanya, kulia mbili chanya. Si lazima ziwe sifuri. Lazima zilingane tu. Wanafunzi wengi wakiona jumla si sifuri wanaogopa, wanaanza kuongeza vitu visivyokuwepo.

Na aliyemeza bariamu inayoyeyuka anasaidiwaje? Mojawapo ya tiba ni kumnywesha salfeti. Inaweza kuwa sodiamu salfeti, inaweza kuwa magneziamu salfeti. Mnaona? Daktari hachagui kwa sababu ya sodiamu wala kwa sababu ya magneziamu. Anachotaka ni huyu:

Ba²⁺(aq) + SO₄²⁻(aq) → BaSO₄(s)

Sumu inageuzwa kuwa uji uleule wa eksirei, inapita zake. Mstari ule mfupi mnaouandika ili mpate alama mbili, kuna mtu kitandani unamhusu.

Turudi nyumbani. Nani hajapelekwa mapango ya Amboni? Naona mikono michache, mwambieni mkuu wa shule, ni hapo tu kaskazini mwa mji. Yale mawe yanayoning'inia kama mishumaa iliyoyeyuka yametengenezwa na maji yaliyopita kwenye mwamba wa chokaa yakabeba kalsiamu na baikaboneti, yakadondoka tone kwa tone ndani ya pango, kaboni dioksaidi ikaponyoka, mashapo yakabaki:

Ca²⁺(aq) + 2HCO₃⁻(aq) → CaCO₃(s) + CO₂(g) + H₂O(l)

Sasa nenda jikoni kwenu, fungua birika la zamani, lile la maji ya kisima. Utakuta ukoko mweupe umeshika ndani. Mlinganyo wake ni huohuo, herufi kwa herufi. Pango limechukua maelfu ya miaka na birika la mama limechukua miezi sita kwa sababu yeye huchemsha, basi. Mama zetu wa mwambao wanaijua kalsiamu hii kwa njia nyingine pia: unafua, sabuni haitoi povu, badala yake unapata utando wa kijivu unaogandia beseni. Huo utando ni mashapo, kalsiamu imekamata ayoni ya sabuni, na kila tone la sabuni unalonunua linaishia kwanza kuoa kalsiamu kabla halijagusa kola ya shati.

Ukoko wa birika unatolewa kwa siki au ndimu, na hapa nawatega kidogo, maana swali hili limewahi kuangusha hata walimu. Asidi ya siki ni dhaifu. Imo majini, ndiyo, lakini sehemu kubwa yake haijatawanyika, inatembea ikiwa nzima. Kwa hiyo usiiandike H⁺. Iandike yenyewe:

CaCO₃(s) + 2CH₃COOH(aq) → Ca²⁺(aq) + 2CH₃COO⁻(aq) + H₂O(l) + CO₂(g)

Alama ya (aq) inasema yumo majini. Haisemi kuwa ametawanyika. Hilo ni swali la pili na linahitaji jibu lake.

Mwalimu wa taaluma ananionyesha saa. Naiona, mwalimu, asante.

Hapa mezani nina vitu viwili. Kwenye chupa hii ya soda kuna maji ya bahari, nimeyachota mwenyewe alfajiri pale Raskazone, nikayachuja, nikayatia asidi kidogo ili kaboneti isituchanganye. Yana kloraidi gramu 19 hivi kwa lita, na salfeti chini kidogo ya gramu 3. Kwenye chupa hii ndogo ya kahawia kuna mmumunyo nilioukuta kabatini kwenu. Lebo imeliwa na mende, imebaki BARIAM, na baada ya hapo hakusomeki kitu. Mkuu wa maabara ananihakikishia ni bariamu na inayeyuka, lakini bariamu ya nini, hakumbuki. Nimevaa glovu, na hakuna atakayesogeza pua hapa.

Nadondosha. Moja. Mbili. Mlio nyuma simameni mwone. Tui hilo.

Chaki hii hapa. Nataka mtu mmoja aje ubaoni aandike kilichotokea sasa hivi ndani ya neli hii. Wewe binti wa pale dirishani, umenyoosha mkono. Unauliza ilikuwa bariamu kloraidi au bariamu nitreti? Njoo, mama, kalamu yako iache hapo. Njoo uandike kwanza.